Telefone Nayo Inataka Chanjo



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema habari za malaria, vumbi ya mawe na kofia ya kazini. Leo tuseme habari ya telefone, kwa sababu wengi wetu hapa Salamabila tunaweka pesa humo.

Mnajua sheria ya mgodi: kila mtu na mahali pake. Mchimbaji haingii ghala ya baruti, ufunguo una mwenyewe. Ndani ya telefone ya Android ni vile vile. Kila programu ina chumba chake, na ufunguo wa vyumba vyote unakaa na kiini cha mfumo. Lakini kufuli ikiwa na kasoro, programu ndogo inaweza kujipandisha cheo na kushika ufunguo wa mkubwa. Hapo, hata kama uliikatalia ruhusa ya kusoma ujumbe wako, itausoma.

Si hadithi. Mwezi wa Oktoba 2019 watafiti wa Google walitangaza kasoro ya namna hiyo, namba CVE-2019-2215. Ilikuwa ndani ya telefone nyingi, kama Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20 na Xiaomi Redmi 5A. Januari 2020 kampuni ya Trend Micro ikaeleza kwamba programu ya picha iitwayo Camero, iliyopatikana katika duka la Google lenyewe, ilitumia kasoro ile kuingiza mpelelezi aliyejificha na kuchukua habari za WeChat na Gmail.

Linaloniuma mimi muuguzi ni hili: dawa ya kasoro ile ilikuwa imepatikana zaidi ya mwaka mmoja mbele. Ilitiwa katika Linux, msingi wa Android, lakini telefone nyingi hazikuipata. Chanjo iliyobaki ndani ya friji kule Kindu haimwokoi mtoto wa Salamabila.

Basi fanyeni hivi:

1. Fungua mipangilio, tafuta marekebisho ya mfumo, uyakubali. Usiseme yanakula mega. Mwizi anakula zaidi.

2. Usipokee programu inayopitishwa toka telefone hadi telefone.

3. Telefone isiyopata tena marekebisho, usiweke pesa humo. Laini ya pesa ikae katika telefone ndogo ya vifungo.

4. Namba ya siri usimpe mtu, hata fundi.

Lakini tusimtwike mfanyakazi mzigo wote. Mega ni ghali, na mwenye watoto atanunua unga kwanza. Kofia na viatu vya kazi hutolewa na mwajiri kwa sababu ajali ya mmoja ni hasara ya wote. Maoni yangu ni kwamba siku ya mshahara kampuni ifungue intaneti pale ofisini, kila mtu arekebishe telefone yake bure. Mwambieni mjumbe wenu alipeleke neno hili mkutanoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.