Herufi Tatu Katika Karatasi ya Paka

Kitabu hiki kinafundisha afya ya watu, na pengine utashangaa kuona paka ndani yake. Ngoja kwanza.

Asubuhi moja mama mumoja alifika kwenye dispensere yetu. Hakuleta mugonjwa, alileta karatasi. Paka wake alikuwa na kidonda chenye usaha, na munganga wa nyama, aliyesoma kule Uganda, alimuandikia dawa hivi: «1/4 cp SID PO, 7 j». Jirani anayejua kusoma aliona SID, akasema munganga amesahau herufi A. Kumbe paka ana SIDA! Mbele ya jioni watu walikuwa wanasema tena juu ya mutoto yatima anayelelewa katika nyumba ile, kwa sababu paka hulala kwenye mukeka wake. Watoto wengine wakakatazwa kucheza naye. Mama aliniuliza kwa machozi kama inafaa amutupe paka mutoni. Juu ya mutoto hakuuliza neno, lakini niliona kwamba hilo ndilo lililomuleta.

Fahamu basi: SID si ugonjwa. Ni herufi za kwanza za maneno matatu ya Kilatini, maana yake ni mara moja kwa siku. BID ni mara mbili, TID ni mara tatu, QID ni mara ine. PO ni kwa kinywa. Kwa Kifaransa cp ni kidonge, na j ni siku. Kama ni sindano utaona SC, ndio chini ya ngozi. Ao IM, ndani ya musuli. Ao IV, ndani ya mushipa wa damu.

Wanganga wa watu karibu hawaandiki SID kabisa. Ni wanganga wa nyama wanaoipenda. Kwa hiyo hata mutu wa farmasi aweza kuisoma vibaya, akazani ni BID ao QID, na paka akapewa mara ine dawa ya mara moja. Paka mukubwa ana kilo 3 mpaka 5 tu. Hana nafasi ya makosa kama wewe. Na tafazali, usimupe paracetamol yako ukimuhurumia. Ini la paka haliwezi kuvunja dawa hiyo. Damu yake inaharibika, ufizi unakuwa rangi ya udongo, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua.

Ziko herufi nyingine zinazoweza kuogopesha watu kuliko SID, nazo ni FIV. Hiyo ni virusi ya paka, jamaa ya virusi ya SIDA, iliyovumbuliwa California katika mwaka 1986. Inapita toka paka mumoja mpaka paka mwingine, zaidi wakipigana na kuumana. Haimushiki mutu hata kidogo. Ni vilevile kwa FeLV, iliyovumbuliwa Glasgow katika mwaka 1964: ni mambo ya paka kwa paka. SIDA ya watu haitoki kwa paka, wala kwa mukeka, wala kwa kucheza na yatima.

Watu walimulaumu sana yule jirani. Mimi simulaumu sana. Alisoma kilichoandikwa kwa akili aliyo nayo. Kosa ni letu sisi tunaoandika. Tunapenda herufi hizi kwa sababu ni fupi, na pengine (tuseme kweli) kwa sababu zinatufanya tuonekane wenye elimu. Paulo aliwafundisha Wakorinto, katika sura ya 14 ya barua ya kwanza, kwamba usemi usiofahamika haumujengi anayeusikia. Sisi tunahubiri sura ile siku ya Mungu, na siku ya kwanza tunaandika Kilatini. Mimi mwenyewe niliandika IM zamani kwa mukono mubaya, na mwenzangu akasoma IV. Alirudi kuniuliza mbele ya kuchoma sindano. Kama angeona haya kuuliza, sijui ningemuambia nini baba wa mutoto yule.

Na sasa sikia jambo linaloua watu. Paka ao mbwa akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha uende lopitalo siku ile ile. Huko utaona katika kadi yako herufi VAT ao VAR. Ni herufi moja tu inayozitenga. VAT ni chanjo ya pepopunda. VAR ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na paka pia hushikwa na kichaa hicho. VAT haikukingi na kichaa, na kichaa kikianza kuonekana katika mutu, karibu hakuna anayepona. Usitoke na VAT peke yake ukizani umemaliza. Uliza: «Munganga, na ile ya kichaa?» Nayo si sindano moja, rudi kila siku uliyoandikiwa, hata kidonda kikifunga. Munganga akikasirika kwa kuulizwa, uliza tena.

Yule mama nilimugeuzia karatasi, nikaandika kwa Kiswahili upande wa nyuma: Robo ya kidonge, mara moja kwa siku, kwa kinywa, siku 7. Aliisoma polepole mwenyewe. Kisha akanirudishia kalamu, akaniomba niongeze chini yake: Paka hana SIDA, na mutoto asikatazwe kucheza. Nikaandika, nikatia muhuri wa dispensere.