KIVU: Namba za simu za wakimbizi wa ndani si bidhaa ya sokoni

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kuanzia Bunia hadi Uvira, kupitia Beni, Butembo, Goma na Bukavu, simu imekuwa butiki, benki na tangazo kwa pamoja. Mwenye depo ya unga, mwenye farmasi na muuza nguo wote wanatafuta wanunuzi kwa simu. Na sasa kuna programu zinazofanya kazi hiyo zenyewe. Mfanyabiashara anaingiza orodha ya namba, anaandika ujumbe mara moja, programu inautuma kwa watu elfu, inarudia kesho yake, kisha inahesabu nani amejibu. Kazi ya vijana watano kwa wiki nzima inamalizika wakati mtu anakunywa chai.

Katika hilo hakuna ubaya. Ubaya unaanzia kwenye swali ambalo wengi wanalipita haraka: namba hizo zinatoka wapi? Programu bila namba ni kama pikipiki bila petroli, na mwenye feza kidogo hutafuta petroli ya bei rahisi. Hapo ndipo mtu anaweza kumjia na faili kwenye simu, namba elfu kadhaa, majina, kartie wanamokaa, kwa bei ambayo haifiki hata gunia mbili za unga.

Orodha ya namna hiyo isinunuliwe. Bei yake isiulizwe hata kidogo. Na kama ndani yake mna majina ya watu waliokimbia vita, anayeiuza na anayeinunua wote wawili wanafanya kosa moja.

MAJINA YALIANDIKWA KWA SABABU GANI?

Mama aliyekimbia Masisi ao Rutshuru ameandikisha jina lake mara nyingi kuliko tajiri yeyote wa mjini. Alipofika kambini, mkuu wa kambi aliliandika. Siku ya kugawa chakula likaandikwa tena. Kwenye kituo cha afya likaandikwa, kwenye shule ya watoto likaandikwa, kwa ajenti wa feza za simu likaandikwa kwenye daftari ambalo kila mpita njia anaweza kulichungulia. Kila mara alitoa jina, namba ya simu, kijiji alichotoka, na idadi ya watoto. Hata aliyepokelewa na familia mjini, bila kukaa kambini, aliandikwa na mkuu wa avenyu.

Alitoa hayo yote ili apate unga, shitingi, dawa na nafasi ya mtoto darasani. Hakuna siku aliyosema: niuzeni.

Faili halichagui mkono. Likiwa kwa muuza sabuni, ni orodha ya wanunuzi. Likiwa kwa mwizi wa simu, ni orodha ya watu wenye njaa wanaongojea habari njema. Likiwa kwa mwenye silaha, linaonyesha nani alitoka kijiji gani, sasa analala wapi, na anapatikana kwa namba ipi. Katika eneo ambalo vikundi vimepita nyumba kwa nyumba vikitafuta watu, hakuna haja ya kueleza zaidi. Mwenye depo aliyelipa feza yake kwa nia ya kuuza unga hawezi kujua faili hilo limeuzwa kwa nani kabla yake, wala litauzwa kwa nani kesho.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalioni. Siku hizi msaada mwingi unapitia simu. Familia inangojea ujumbe unaosema feza imefika, ao kesho kuna kugawa. Kila mwenye simu Kivu anajua pia ule ujumbe wa «umeshinda» unaodai kwanza utume unite. Sasa ujumbe wa muuzaji ukiingia katikati ya hizo mbili, umeandikwa kwa haraka, una neno «ofa» na neno «bure», mama anafanya nini? Anaacha kibarua cha siku hiyo, anatafuta franka za moto, anafika mbele ya depo, anaambiwa: mama, nunua kwanza gunia tatu. Muuzaji atasema hakudanganya mtu. Lakini yule mama amerudi kambini bila unga, bila kibarua na bila feza ya moto.

Hata mashirika makubwa yamejua uchungu wa orodha kupotea. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia kwenye data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, kwa misiba na kwa uhamaji, pamoja na waliopotea na familia zinazowatafuta. Ikiwa shirika lenye wataalamu na feza limeingiliwa, faili linalotembea kwa WhatsApp kutoka mkono mmoja hadi mwingine litalindwa na nani?

BEI RAHISI YENYE HASARA

Wapo wafanyabiashara ambao habari ya huruma haiwaingii. Hao wahesabu tu feza.

Tuseme orodha ya namba 5,000 inauzwa dola 50, na kutuma SMS moja ni senti mbili za dola. Kutuma kwa wote ni dola 100. Jumla imekuwa dola 150. Lakini watu wa Kivu wamekimbia mara mbili, mara tatu. Simu zimepotea njiani, zimenyang'anywa, zimeuzwa ili mtoto atibiwe. Kadi ya simu iliyoachwa muda mrefu inafungwa na namba inapewa mtu mwingine. Tuseme katika namba 5,000, zilizobaki kwa wenyewe ni 2,000, na kati ya hao watu kumi wananunua. Kila mnunuzi amegharimu dola 15. Ni gunia gani la unga linaloleta faida ya dola 15?

Upande wa pili, mwenye depo huyo ana daftari lake mwenyewe, lenye majina 200 ya watu waliokwisha kununua kwake na waliokubali kutumiwa habari. Kuwatumia wote ni dola 4. Wakinunua 20, kila mmoja amegharimu senti 20. Huu ni mfano wa kupigia hesabu tu. Kila mtu aweke tarakimu zake. Lakini aziweke kweli, asijidanganye kwa wingi wa namba.

Wengine wanakimbilia programu za Ulaya na Marekani zinazouza anwani za watu kwa malipo ya kila mwezi. Kwa mwenye depo wa Butembo hizo hazifai kwa sababu rahisi: nyingi zinachota kwenye LinkedIn na kwenye tovuti za makampuni, na muuza unga wa jumla wa Lubero hayuko huko. Na huko kwenyewe zinapigwa. Mwezi wa Desemba 2024, CNIL, mamlaka ya Ufaransa inayolinda data za watu, iliitoza kampuni ya KASPR faini ya euro 240,000 kwa sababu ilikusanya kutoka LinkedIn hata anwani za watu waliokuwa wamechagua kuzificha. Kampuni hiyo ilikuwa na anwani karibu milioni 160. Wingi wake haukuisaidia.

SHERIA IPO

Ni uongo kusema kwamba Kongo ni nchi isiyo na sheria juu ya jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano ya kila mtu. Tarehe 13 Machi 2023 ilitoka sheria-amri nambari 23/010 yenye Kanuni ya mambo ya kidijitali, ambayo ina sehemu nzima juu ya data za watu binafsi: ridhaa ya mwenyewe, kazi ambayo data zilikusanywa kwa ajili yake, na haki ya mtu kukataa na kudai makosa yasahihishwe. Jina lililoandikwa kwa ajili ya chakula halibadilishwi kazi bila mwenye jina kujua.

Mtu atasema: nani atakwenda mahakamani kwa habari ya SMS, katika hali hii ya vita? Pengine hakuna kwa leo. Lakini wakaaji wa Kongo wana kumbukumbu. Ada ya RAM iliyoanza kukata unite mwaka wa 2020 ilipigiwa kelele kila kona ya nchi, hadi ikaondolewa mwaka wa 2022. Watu hawasahau aliyeingiza mkono katika simu zao bila ruhusa. Muuzaji atakayejulikana kama yule wa ujumbe usioombwa atapoteza jina lake kartie nzima.

DATA RAHISI NA SAFI ZIPO

Anayesema hana njia nyingine hajatafuta. Ziko njia nne, na gharama kubwa ni mega na muda.

Ya kwanza ni daftari la depo yenyewe. Mteja aulizwe waziwazi: tukutumie bei mpya? Akikubali, aandikwe pamoja na tarehe, akikataa, aachwe. WhatsApp Business inaruhusu orodha ya kutangaza ya watu hadi 256, na ujumbe unawafikia wale tu waliohifadhi namba ya muuzaji. Wengi wanaliona hilo kama kizuizi. Ni kinga, kwa muuzaji na kwa mteja.

Ya pili ni biashara zinazojitangaza zenyewe. Tangu Kongo iingie OHADA mwaka wa 2012, biashara zilizosajiliwa zina namba ya RCCM, na nyingi zinaiandika kwenye faktura zao. Rejista hiyo imewekwa ili watu waiulize. Shule, farmasi, hoteli na mikahawa wanaandika namba za simu kwenye vibao vyao wakitaka wapigiwe. Kijana mmoja, daftari moja, siku mbili barabarani: hiyo ni orodha hai kuliko faili lolote la kununua.

Ya tatu ni ramani ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka wa 2004 na kujengwa na watu wa kujitolea, wakiwemo vijana wa Kongo. Inaonyesha barabara, masoko, shule, vituo vya afya. Kuitumia ni bure, mradi mtu ataje inakotoka. Ina mapengo, na mwenye kuyaona anaweza kuyajaza.

Ya nne ni hesabu zisizo na majina. Shirika la Uhamaji la Umoja wa Mataifa linatoa tarakimu za watu waliohama, eneo kwa eneo. Tovuti ya HDX, inayosimamiwa na OCHA tangu mwaka wa 2014, inaweka hizo pamoja na bei za vyakula zinazokusanywa na PAM katika masoko. Humo hamna jina la mama yeyote wala namba yake. Lakini mwenye depo anaona ni eneo gani limepokea watu wengi, na ni soko gani bei ya unga imepanda.

Njia hizo zikiunganishwa, programu ina kazi ya kutosha. Inasoma tarakimu za eneo, inalinganisha bei, inatoa orodha ya butiki zilizo karibu, inawaandikia wenye butiki ambao namba zao ziko kwenye kibao. Unga unafika kwenye butiki iliyo hatua chache na kambi, na mama ananunua kilo moja anapopenda. Hakuna aliyegusa simu yake.

Kuna watetezi wa orodha wanaosema kwamba wahami nao ni wanunuzi, na kuwanyima habari za bei ni kuwabagua. Sehemu ya kwanza ni kweli. Wahami wananunua, wanauza, wanalima mashamba ya kukodi, wanaendesha chukudu. Ndiyo sababu wanastahili heshima ile ile anayopewa mteja wa mjini: kuulizwa kwanza. Kibao cha bei kwenye mlango wa butiki kinawapa habari bila kuwachukulia kitu. Tangazo la redio vilevile.

Wengine wanasema: makampuni makubwa yanafanya hivyo, kwa nini mdogo azuiwe? Mwizi mkubwa hajawahi kumsafisha mwizi mdogo.

WANAOSHIKA MADAFTARI

Lawama haiwaishii wanunuzi. Orodha haina miguu. Kuna mtu aliyeitoa. Mkuu wa kambi anayepiga picha ya daftari na kuituma kwenye kikundi, mfanyakazi wa shirika anayebaki na faili baada ya mradi kuisha, ajenti anayeacha daftari wazi mezani, hao wote wameshika maisha ya watu. Mradi ukiisha, faili lifutwe. Daftari likijaa, lifungiwe. Anayekuja kuomba nakala aulizwe: kwa kazi gani, na wenye majina wamekubali?

Wahami nao wana haki ya kuuliza mbele ya meza ya kuandikisha: jina hili linakwenda wapi, litakaa siku ngapi, nani atalisoma? Anayeuliza asifukuzwe kwenye mstari. Na ujumbe wowote unaodai feza ao nambari ya siri ili msaada utoke, uachwe bila kujibiwa, na majirani waambiwe.

Biashara ni ya lazima. Bila wafanyabiashara, miji hii ingekufa njaa zamani, na wengi wao waliendelea kufungua milango wakati risasi zinalia. Kwa hiyo hawaombwi kuacha kutafuta wateja wala kuacha programu. Wanaombwa wachague wanakochota. Mama aliyeandikisha jina ili apate unga, apate unga, na jina lake libaki lake.