Mtoto Arudipo Nyumbani Baada ya Tiba ya Saratani ya Damu

Tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, na siku nne baadaye dunia huwakumbuka watoto wenye saratani. Katika majira haya tunatafakari swali linalozikabili familia za Nachingwea na Ruangwa: mtoto mwenye saratani ya damu, akishapewa kemotherapia Muhimbili, abaki Dar es Salaam au arudi kwao?

Moyo hujibu upesi kwamba arudi. Tiba ya aina iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya vidonge vinavyoweza kumezwa nyumbani. Ni familia gani ya wakulima wa korosho na ufuta itakayoacha shamba na watoto wengine muda wote huo? Wazazi wakielemewa, tiba hukatishwa, na ugonjwa hurudi.

Hata hivyo, nyumbani kuna hatari ya homa. Kemotherapia hupunguza chembe nyeupe za damu, na bakteria waweza kumwua mtoto kwa saa chache. Akifikia nyuzi 38 hiyo ni dharura: yampasa apewe antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike hospitalini. Huku kwetu Kusini homa huitwa malaria kwanza. Mzazi hununua dawa ya mseto, husubiri kukuche. Mseto hautibu bakteria, na hata kipimo kikionesha malaria, maambukizi mengine yaweza kuwapo pamoja nayo.

Kwa maoni yetu, basi, uamuzi utegemee umbali kati ya kitanda cha mtoto na dripu ya kwanza. Muhimbili ni mbali mno; Nyangao, Ndanda na hospitali za wilaya zi karibu zaidi. Mzazi asiondoke Dar es Salaam bila barua inayotaja ugonjwa, dawa na simu ya wodi, naye aipeleke mapema kwa daktari wa karibu, kabla ya homa yoyote. Siku ambazo chembe zimeshuka sana, mtoto alale kwa ndugu aishiye jirani na hospitali.

Jumuiya ndogondogo zetu hukusanya rambirambi kwa jioni moja. Nauli ya usiku wakati huu wa mvua, na namba ya dereva anayepokea simu, hazihitaji hata robo yake.