Boya la Mzamiaji si Pambo la Mtalii

Yapo mawazo potofu ambayo yamejipenyeza miongoni mwa baadhi ya watumishi wa umma wanaofanya kazi baharini. Wanadai kwamba boya la mzamiaji ni pambo la mtalii, na kwamba mtu aliyezaliwa pwani hana haja nalo kwa kuwa bahari anaijua. Mawazo hayo hayana budi kupingwa bila kuoneana haya.

Uzamiaji kwa mtungi wa hewa si mchezo wa wageni peke yao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995. Kuchunguza matumbawe ni kazi ya Taifa, na anayeifanya ni mtumishi mwenye mke au mume, watoto na wazazi wanaomtegemea.

Mkondo haumwulizi mtu kazaliwa wapi. Maji ya pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi kasi. Katika mkondo wa Pemba, au katika mlango wa Kinasi huko Mafia wakati wa bamvua, aliyeshuka ubavuni mwa mashua yake aweza kuibuka mbali nayo. Nahodha, jua likimpiga machoni na mawimbi yakivunjika, atafute nini? Kichwa cha binadamu juu ya maji hakizidi kifuu cha nazi. Juni 2008, karibu na kisiwa cha Komodo nchini Indonesia, wazamiaji watano kutoka Ulaya walibebwa na mkondo, wakapatikana siku mbili baadaye katika kisiwa cha Rinca. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao uzamiaji ndio uliokuwa kazi yao.

Sasa tuje kwenye ununuzi, maana hapa ndipo uzembe unapojificha. Maboya ni ya aina mbili. Moja huvutwa juu ya maji tangu mwanzo hadi mwisho, nalo hufaa penye maji haba na boti nyingi. La pili huchukuliwa likiwa limekunjwa, likajazwa hewa chini kabla ya mzamiaji kupanda. Kwa maji yetu yenye mikondo, hili la pili ndilo la lazima. Lakini ofisa ambaye hajapata kulowesha hata kifundo cha mguu huangalia safu ya bei tu, akanunua kiboya cha mita moja kinachopotea nyuma ya wimbi la kwanza! Linalofaa lina urefu wa mita moja na nusu au zaidi, rangi yake ni ya machungwa au nyekundu, mdomo wake hujifunga wenyewe ili hewa isitoke likilala, na lina kilango cha kupunguzia hewa iliyozidi. Uzi wake, uliozungushwa kwenye kigurudumu, sharti uwe mrefu kuliko kina ambacho boya litaachiwa.

Baya zaidi ni kumkabidhi mtu boya bila mafunzo. Walimu wa fizikia wanaofundisha kanuni ya Boyle wanaelewa sababu: hewa iliyotiwa katika kina cha mita 10 huongezeka maradufu ifikapo juu, na ya mita 20 huwa mara tatu. Asiyejua hilo hulijaza boya pomoni, uzi ukakwama, naye kwa kuwa amejifunga kigurudumu kiunoni hunyanyuliwa kama samaki kwenye mshipi. Akizuia pumzi, mapafu yaweza kupasuka. Kwa hiyo kigurudumu hushikwa mkononi, hakifungwi mwilini, kikikwama, huachiwa. Mzamiaji huangalia juu kwanza, humwashiria mwenzake, hutia hewa kidogo, huachia, kisha hupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, akitua dakika 3 kwenye mita 5 huku uzi umekazwa.

Mambo hayo hayajifunzwi siku ya hatari. Hufanyiwa mazoezi nchi kavu, kisha katika maji matulivu ya mita chache, tena na tena, mpaka mikono izoee. Nahodha naye afundishwe, kwani boya lisilo na jicho la kulitazama ni mpira unaoelea tu.

Tutaambiwa fedha hazipo. Jibu letu ni kwamba mafuta ya kumtafuta mtu mmoja baharini kutwa nzima hayatolewi bure. Basi wakuu wa idara zinazohusika, wanapoandaa makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, waandike fungu la mafunzo kando ya fungu la vifaa. Na mtunza stoo, kabla ya kutia saini katika leja, amtake mzamiaji alikunjue boya hilo mbele yake na kumwonyesha linavyojazwa.