Kabla ya MIFOR, tukumbuke kiwanda cha Maluku

Mu masoko ya mashariki, fer à béton na manjanja nyingi zinatoka nje ya inchi. Na bado Kongo ilikuwa na kiwanda chake kikubwa cha chuma: Maluku, kando ya mto Congo, mu Kinshasa.

Kilifunguliwa mwaka 1975, wakati wa Mobutu. Kampuni za Italia na Ujerumani zilishiriki kukijenga. Kilipangwa kutoa tani 250.000 kwa mwaka, lakini hakikupita asilimia 10. Mu miaka ya 1980 kikafunga.

Ni nini kilikiua? Siyo umeme. Ule wa Inga ulikuwepo, na Maluku ilijengwa pia juu ya kuupatia mteja. Kilichokosekana ni kitu cha kuyeyusha. Kiwanda kiliishi kwa mitraille, vile vyuma vya zamani, ya kununua ng'ambo kwa dola. Basi mu 1974 na 1975 bei ya shaba ikaanguka, na shaba ndiyo ilikuwa inaletea serikali hizo dola. Chuma cha Maluku kikawa ghali kupita kile cha kuagiza, na wateja mu inchi walikuwa kidogo. Deni, lenyewe, halikufunga.

Majiwe ya chuma yalikuwepo, lakini mbali: Haut-Zaïre, leo Tshopo, Bas-Uélé, Haut-Uélé na Ituri. Hapo ndipo habari hii inatugusa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mradi MIFOR, wa kuchimba chuma cha Grande Orientale.

Wengi wanafurahi, na wana haki. Lakini chuma siyo dhahabu. Dhahabu inaingia mfukoni, coltan inaenda kwa mifuko. Chuma ni kizito na kilo yake ni bei ndogo. Bila reli, mashua kubwa na bandari, hakitoki. Mwenye kushika njia ndiye atashika faida.

Kwa hiyo tusiulize tu ni tani ngapi ziko chini ya udongo. Tuulize: nani atajenga njia, na kwa deni la nani? Ni sehemu gani itayeyushwa hapa, na umeme wa wapi? Nani atanunua? Wabunge wetu wayaulize mbele ya mkataba kutiwa sahihi. Kwa Maluku, majibu yalikuja wakati makuta yalikuwa yamekwisha kuliwa.