FAINI HAIPIKI MAHARAGE

Ndugu wanachama na wanakijiji,

Kwenye ajenda za mkutano ujao, zile zilizobandikwa hapo juu, jambo la nne linasema akina mama wanaochelewa kuchambua maharage ghalani watozwe faini ya shilingi 2,000. Naomba nafasi katika gazeti letu la ukutani nitoe maoni yangu kabla hatujanyosha mikono.

Hakuna anayebisha kwamba kuchelewa kunatuumiza. Maharage yasipochambuliwa sawasawa yanabaki na mawe na punje mbovu, mnunuzi anashusha bei, na hasara inakuwa ya kila mwanachama. Viongozi wetu wana haki ya kulalamika. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa kuchapwa. Tuulizane kwanza: hawa akina mama wakichelewa wanakuwa wapi? Jamani, hawako kilabuni. Wako jikoni, na wengine wako njiani kutoka kisimani.

Tufanye hesabu, maana sisi wanaushirika tumezoea mizani. Debe moja la maji ni lita 20, yaani kilo 20 kichwani bila kuhesabu debe lenyewe. Nyumba inayotumia madebe matano kwa siku, mama na binti yake wamebeba kilo 100. Hilo ni gunia zima la maharage linapandishwa mlimani kila siku, Jumapili na sikukuu. Akina baba wangeambiwa wapandishe gunia namna hiyo kila asubuhi bila ujira, mkutano wa dharura ungeitishwa jioni ile ile! Bado hatujahesabu kuni. Bado hatujahesabu chungu cha maharage makavu kinachokaa motoni masaa mawili, hata matatu, na mtu kakipigia magoti anapuliza moshi.

Jambo hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au hata 14 kwa siku, na kwamba wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo. Aliyetaka kukasirika alikasirika, lakini maneno yale yaliandikwa na yapo.

Basi maoni yangu ni haya: tuipunguze kazi yenyewe, kuchelewa kutapungua. Zipo njia ndogo ndogo ambazo hazidai fedha nyingi. Baadhi ya nyumba hapa kijijini zinazifahamu tayari, ila kila mmoja kajikalia na ujuzi wake. Nitazitaja, kila mtu azipime nyumbani kwake.

KWANZA, TULOWEKE MAHARAGE. Yatie majini jioni, maji yayafunike vizuri maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine, bandika. Yaliyolala majini yanaiva kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi karibu nusu ya muda wa makavu. Kazi yake ni kukumbuka tu kabla ya kulala. Na huo mfuniko wa sufuria uko wapi? Chungu kisichofunikwa kinatoa joto hewani, unapasha moto paa la jiko. Kama mfuniko umepotea, sahani ya bati inatosha.

PILI, TUWE NA KAPU LA KUIVISHIA. Chukua kapu kubwa au tenga. Lijaze majani makavu ya migomba, manyasi makavu au matambara safi, chini na pembeni, unene usipungue upana wa kiganja. Katikati acha shimo la kutosha sufuria. Shona mto mnene wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe motoni, yatokote kwa nguvu dakika 20, na kama ni ya zamani zaidi ya hapo. Epua na mfuniko wake juu, masizi yafute haraka, tumbukiza kapuni, funika kwa mto, kisha nenda zako ghalani. Usifunue kuchungulia! Joto likitoka halirudi. Baada ya masaa matatu au manne utayakuta yamelainika bila kijiti kimoja cha kuni. Mchele nao unaiva humo, tena upesi zaidi.

Hapa nasisitiza mambo mawili. La kwanza, maharage yasiingie kapuni bila kutokota motoni. Maharage mekundu hasa yana sumu ambayo moto mkali ndio unaoiua. Yakipata joto la uvuguvugu tu, huleta matapishi na kuhara. La pili, yakitoka kapuni yarudishe motoni yachemke tena ndipo muunge na kula, na yasilale humo usiku kucha. Kapu linatunza joto, halitengenezi joto. Chakula kilichopoa humo kinachacha upesi.

TATU, KUNI ZIKAUKE NA ZIPASULIWE. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto unaanza kuchemsha maji ya ukuni kabla ya maji ya sufuria. Ndiyo maana moshi mwingi, macho mekundu, na chakula hakiivi. Kuni za leo zikatwe kwa ajili ya miezi ijayo, zipangwe chini ya kibanda upepo upite, na zipasuliwe nyembamba. Moshi si kero tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mama anavuta moshi ule ule.

NNE, SUFURIA IPAKWE NJE. Kabla ya kuinjika, chukua majivu uyakoroge na maji kidogo yawe uji mzito, au udongo laini, upake sufuria nje, chini na pembeni. Masizi yatashika majivu, hayatashika sufuria. Ukiosha yanatoka mara moja. Wanaokesha na mchanga na gunzi kusugua sufuria wanaumaliza mkono na sufuria pia.

TANO, TUKINGE MAJI YA MVUA. Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 10. Nyumba yenye paa la bati la mita 6 kwa 5 inatiririsha lita 300, karibu madebe 15. Hata ukipoteza kidogo kwenye mfereji, ni safari nyingi za kisimani zimeokolewa kwa mvua moja. Yale ya mwanzo yamwagwe maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege, na ya kunywa yachemshwe. Ya kufulia, kuoshea vyombo na mifugo hayana matata.

Sasa tulitazame ghala letu wenyewe, hili mliloegemea mkisoma. Paa lake ni mita 20 kwa 10. Mvua ya milimita 10 inamwaga hapa lita 2,000, yaani madebe 100. Yanakwenda wapi? Yanachimba msingi wa ghala, na kila mwaka tunatoa fedha kuuziba. Tunalipa fundi kwa sababu ya maji, na huku binti zetu wanayafuata maji bondeni.

Najua yatakayosemwa mkutanoni. Wazee wetu, shikamoo zao, watasema mama zetu walipika maharage makavu kwa mafiga matatu na hawakulalamika. Ni kweli walipika. Lakini nao walikuwa na pori nyuma ya nyumba, na ushirika wa kuchambua maharage kwa gredi haukuwapo. Siku yao ilikuwa na kazi mbili, shamba na jiko. Siku hizi tumeongeza ya tatu, ya chama, wala hatukuongeza saa hata moja.

Wengine watasema tungoje gesi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka 10, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni jambo jema na mwenye uwezo wa mtungi anunue, wala asione haya. Lakini maharage ya leo jioni hayangoji 2034. Tena hata mwenye gesi akiloweka na kutumia kapu, mtungi wake utachelewa kuisha.

Wapo pia watakaosema haya ni mambo ya wanawake, yapelekwe kwenye kikao cha akina mama. Hapo ndipo tunapokosea njia, ndugu zangu. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Hakuna aliyesema choo ni cha mama. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Kama vijiji viliweza kukubaliana kuhusu choo, sisi tutashindwaje kukubaliana kuhusu kapu na kuni?

Maana tukiseme kilicho kweli: katika njia tano nilizotaja, kuloweka na kupaka sufuria ni kazi ya dakika chache kwa yeyote anayepika. Nyingine zinataka mikono yenye shoka, nyundo na ufundi wa kusuka. Kijiji hiki wasukaji wa matenga ni akina baba na vijana. Wapigaji bati ni hao hao. Mkimwachia mama afanye na hayo, mtakuwa mmemwongezea kazi ya sita kwa jina la kumpunguzia.

Na lipo jambo moja zaidi, kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Saa iliyookolewa jikoni ni ya nani? Ikiwa mama akipata saa moja, papo hapo anapewa palizi nyingine au anaitwa ghalani mapema zaidi, basi kapu hilo tumelisuka kwa faida ya mizani tu. Binti anayekwenda kisimani alfajiri, akafika shuleni vipindi viwili vimepita, saa ile ni yake kwanza. Mama anayenyonyesha, saa ile akae na mtoto. Sehemu inayobaki, nina hakika ghala litaipata bila faini, kwa sababu hakuna mama anayependa kuona maharage yake yakishushwa bei.

Kwa hiyo napendekeza mkutano uamue yafuatayo:

1. Faini ya shilingi 2,000 isiwekwe msimu huu. Tujaribu njia nyingine kwanza, halafu katibu atusomee daftari la mahudhurio mwisho wa msimu tuone.

2. Kila kitongoji kisuke makapu ya kuivishia 10 kabla ya mavuno, kwa siku mbili za kujitolea. Wasukaji waongozwe na wazee wanaojua kazi hiyo. Makapu ya kwanza wapewe wajane, wagonjwa na wenye watoto wachanga.

3. Jumamosi jioni iwe saa ya shoka. Kila mwanamume na kijana apasue kuni za wiki nzima za nyumba yake, na wa jirani asiye na mtu wa kumpasulia.

4. Sehemu ya ziada ya chama ya mwaka huu inunue mifereji na tangi la ghala. Fedha tunazotumia kuziba msingi zitapungua, na vitongoji vya jirani vitachota hapa.

5. Siku moja kabla ya kuanza kuchambua, tupike maharage ya kapuni hapa ghalani mbele ya watu wote. Asiyeamini aje na kijiko chake.

Faini tukiipitisha, ni kweli itakusanywa. Lakini itatoka wapi? Itatoka kwenye fedha ya chumvi, ya sabuni na ya daftari la mtoto, na kesho yake maji yatakuwa bado yako bondeni na maharage bado ni makavu. Mama yule atachelewa tena, na safari hii atachelewa akiwa na deni.

Ndugu wanachama, tusome, tujadiliane, tukutane mkutanoni. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, tafadhali, loweka maharage ili usichelewe kupiga kura.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama mchambuaji