Kihusishi kifundishwe pamoja na neno lake

Vihusishi vya Kiingereza hufundishwa mara nyingi kama orodha: "in" ni ndani, "on" ni juu, "under" ni chini. Orodha hiyo humsaidia mwanafunzi kueleza kitabu kilipo mezani, lakini humwacha njiani anapotaka kuandika kwamba familia inategemea kilimo. Hapo Kiingereza kinataka "depend on", ingawa hakuna kitu kilichokaa juu ya kingine. Hata asili ya neno haimsaidii, maana katika Kilatini lilikotoka lilikuwa na maana ya kuning'inia kutoka mahali. Kwa hiyo nashikilia kwamba kihusishi kinachoandamana na kitenzi, kivumishi au nomino ni sehemu ya neno hilo, na kifundishwe na kutahiniwa pamoja nalo tangu siku ya kwanza.

Ugumu huu una chanzo, na si uvivu wa wanafunzi. Kazi ambayo Kiingereza hukipa kihusishi, Kiswahili mara nyingi huifanya ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema hama na hamia, kimbia na kimbilia, kasirika na kasirikia. Kiambishi kimoja kinatosha kuonyesha tendo linaelekea wapi au linamgusa nani. Anayefikiri kwa Kiswahili hana sababu ya kutarajia kwamba uhusiano huo utakaa katika kineno kinachojitegemea, wala kwamba kineno hicho kitabadilika kila kitenzi kinapobadilika. Ndiyo maana huandika "discuss about", ilhali "discuss" haihitaji kihusishi, akifuata mfano wa "talk about" ambayo inakihitaji.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, kwa kuwa msomaji ataelewa tu. Mara nyingine ataelewa, lakini mara nyingine ataelewa kinyume. "Result from" hutaja chanzo, "result in" hutaja matokeo. Ripoti ikiandika kwamba mafuriko "resulted in" ukataji wa miti, imeyageuza mafuriko kuwa chanzo na ukataji kuwa matokeo. Vivyo hivyo, mhasibu aliye "responsible to" mkurugenzi anawajibika kwake. Akiwa "responsible for" mkurugenzi, basi yeye ndiye anayemsimamia. Katika mkataba, barua ya kazi au karatasi ya mtihani, tofauti hiyo si ndogo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani. "Different from" inakubalika kote, lakini "different to" husikika sana Uingereza na "different than" Marekani. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliiita ushirikina imani kwamba "from" pekee ndiyo sahihi. Basi kwa nini Kiingereza cha Afrika Mashariki kisiwe na desturi zake? Nakubali kwamba lugha hukua hivyo, na sioni sababu ya kumcheka anayesema "discuss about" katika mazungumzo. Hata hivyo, aliyezoea desturi zaidi ya moja ana uhuru wa kuchagua; aliyenyimwa maarifa hana cha kuchagua, na mtahini hatamuuliza kama alikusudia.

Wengine wataona kwamba ninadai kukariri kusiko na mwisho. Lakini maneno haya yana koo zake: "depend", "rely" na "count" yote huchukua "on" yakiwa na maana ya kutegemea. Tena vifaa vipo. A. S. Hornby na wenzake walitoa mjini Tokyo, mwaka 1942, kamusi ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi maneno yanavyotumika katika sentensi, na kamusi za wanafunzi za leo zinaendeleza kazi hiyo. Kinachotakiwa kwetu hakina gharama: mwalimu anapoandika neno jipya ubaoni, aandike na kihusishi chake, kisha atoe sentensi nzima. Tanzania, ambako mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza kwa Kiswahili kisha sekondari hukutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza, ni dhuluma kumtahini kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.